Chini ya Jina la Mzee

Mheshimiwa Dastani Singano alikuja kiwandani kwetu na wasaidizi wawili wa kumfungulia mlango, ingawa mlango wetu hufunguka wenyewe ukihisi mtu. Wasaidizi wakasimama huku na huku, wakaushika mlango ambao haukuhitaji kushikwa, naye akapita katikati ameinua kidevu kama mtu anayepimwa shingo na fundi cherehani. Nilimkaribisha kiti. Hakukaa. Alivua glavu kidole kimoja kimoja, polepole, kama anayemenya ndizi asiyo na hamu nayo, kisha akaniuliza mpanga chapa yuko wapi.

"Ndiye mimi," nikasema.

Akaangalia sweta langu, akaangalia kilemba changu, akaangalia dari. "Nilidhani siku hizi ni mashine."

Nikamweleza kwamba mashine ipo, ni ile pale pembeni, tunaiita msomaji, lakini msomaji hajui nani akae juu na nani akae chini. Hilo lazima aamue mtu. Akasema vizuri, amekuja kuamua.

Alikuwa mwenyekiti wa Bodi ya Ukungu, ile inayosimamia nyavu zote za kukamatia maji huku milimani, kuanzia Magamba hadi Mlalo. Mtu wa Lushoto akifungua bomba anakunywa ukungu wa Singano. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kila tangi, pamoja na picha ya kidevu kile kile. Baba yake, Mzee Eneriko, ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi wa nyavu, na alikuwa amefariki mwaka huo mvua za masika zilipoanza. Mama yake, Teresfora, alikuwa ametangulia miaka mingi nyuma. Huku kwetu anayetangulia humsubiri mwenzake, ili wapigwe chapa siku moja kwenye bamba moja la shaba, na nguzo moja ya sauti isimame uani kwao, wajukuu wapate mahali pa kwenda kuwaamkia marehemu, kuwauliza mambo na kujibiwa.

Alitoa kijiti cha maandishi, akakiweka mezani kwa ncha za vidole. Nikakichomeka. Maandishi yakafunguka kwenye kioo yakiwa matupu, kama sheria inavyotaka: herufi zote kimo kimoja, hakuna nene wala ya mlazo, hakuna picha, hakuna rangi. Tangu ile Miaka ya Uongo, wakati kila mtu aliweza kutengeneza uso wa mwenzake na kuusemesha apendavyo, hakuna kinachoaminiwa mpaka kipigwe kwenye shaba, na hakuna kinachopigwa kwenye shaba ambacho hakikuanza kikiwa maandishi matupu. Yanabeba alama moja tu, ile ya reli, mwanzoni mwa kila kichwa. Reli moja ni sura. Reli mbili ni kifungu ndani ya sura. Mengine yote, ukubwa wa herufi, wapi ukurasa mpya uanze, nani apewe sauti, hutoka kwenye templeti anayoipanga mtu kama mimi kwa amri ya mwenye maandishi.

"Baba reli moja," akasema Dastani. "Wengine wote reli mbili, chini yake."

Nikamuuliza wengine wote ni akina nani. Akahesabu kwa glavu: ujana wa baba, kanisa la baba, nyavu, Bodi, tuzo, mama.

"Mama yako mzazi?"

"Nimesema wote, bibi."

Nikamweleza, kwa sababu ni wajibu wangu kueleza hata kwa mtu aliyesimama. Templeti yetu ya kawaida huwapa mume na mke sura mbili, na kila sura huwa sauti yake. Kifungu hakina sauti. Maneno yake huingia kwenye sauti ya sura iliyo juu yake, kama maji yanavyoongezwa kwenye sufuria. Mama akiwekwa reli mbili hatakuwapo wa kuitwa. Mtu atasimama mbele ya nguzo aseme, Mama Teresfora, shikamoo, na nguzo itanyamaza.

Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua akiwa ndani. Akasema nguzo ni ya mwasisi wa nyavu, wageni watatoka Dodoma, na hataki sauti mbili zinazopokezana kama kwaya ya shule ya msingi. Jina la baba liwe juu ya kila ukurasa, kubwa. Kichwa cha mama kiwe herufi ndogo na kisianze ukurasa mpya. Nilipomuuliza kama ameyasoma maandishi yote, akasema ameona ukurasa wa yaliyomo, unatosha.

"Mama alikuwa mtu wa jikoni," akasema. "Jikoni hakuna cha kupiga chapa."

Niliwageukia wale wasaidizi nikawauliza kama wangependa chai, maana walikuwa bado wameshika mlango na ukungu wa nje ulikuwa unawalowesha migongo. Mmoja akasema asante sana bibi, akamtazama bosi wake, akasema hapana. Dastani akaweka dole gumba kwenye kioo kuidhinisha amri, akaanza kuvaa glavu upya. Ilimchukua muda mrefu. Sikumsaidia.

*

Nilianza kazi hiyo asubuhi iliyofuata, baada ya kuwasha jiko la mkaa, maana Juni ya Lushoto haina huruma na magoti.

Maandishi ya marehemu huandikwa matangani. Karani hukaa na wafiwa, na chochote atakachosema mtu kinaandikwa kama kilivyosemwa; ni mwiko kumkatiza anayemsimulia marehemu. Lakini familia ya Singano ni watu wa ratiba. Kwenye matanga ya Mzee Eneriko walipanga wasemaji, wakawapa muda, wakaweka kengele. Kwa hiyo wasemaji wakasema kile mtu anachosema akiogopa kengele: alikuwa mchapakazi, alikuwa na maono, hakuwa na makuu. Mmoja alisoma majina ya kamati zote alizowahi kuongoza mzee, kengele ikalia akiwa katikati ya kamati ya barabara. Yaliyobaki yalikuwa salamu za rambirambi kutoka kwa watu ambao hawakuweza kufika.

Kwenye matanga ya Teresfora hakuna aliyekumbuka kuweka ratiba. Wanaume walikuwa barazani wakizungumza mambo ya Bodi. Wanawake walikaa ndani na maharage ya kuchambua, na karani alikaa nao kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na joto. Wakaongea mpaka maharage yakaisha, wakaletewa mengine.

Nilisoma pole pole. Kulikuwa na mama mmoja ambaye goti lake lilikuwa linamsumbua, na Teresfora alikuwa na kawaida ya kupasha jiwe motoni, kulifunga kwenye kitambaa na kumpelekea, halafu anasingizia kwamba alikuwa anapita tu. Kulikuwa na binti aliyechafuka nguo akiwa kanisani, na Teresfora akatoa kanga mkobani bila kusema kitu. Kumbe siku zote alitembea na kanga ya ziada kwa ajili ya binti yeyote. Akienda kumtazama mgonjwa hakuuliza ugonjwa; aliuliza unauma saa ngapi. Nyavu za mwanzo kabisa, na hili kila mtu wa umri wangu analijua, zilishonwa kwa mapazia ya nyumba yake, yeye na wanawake wa Kwemashai, huku Mzee Eneriko akisimama kupigwa picha. Na watoto wake walikuwamo humo: nani aliogopa radi, nani aliuma kucha, nani alificha mboga chini ya ugali.

Kichwa cha kifungu chake kilikuwa mstari mmoja kwenye ukurasa wa yaliyomo. Dastani aliona mstari huo. Hakuona kwamba nyuma yake kulikuwa na maneno yanayozidi yale ya baba yake kwa mbali.

Nikapanga kama nilivyoamriwa. Reli mbili, herufi ndogo, bila ukurasa mpya. Jina la Mzee juu ya kila ukurasa, hata kwenye kurasa ambazo mzee mwenyewe hatajwi mwanzo hadi mwisho. Zilionekana za ajabu, kama mashamba ya watu yaliyowekewa bango la mtu mwingine. Kisha nikampa msomaji, nikawasha sauti ya majaribio. Sheria inamtaka mpanga chapa aisikie mwenyewe kabla shaba haijaguswa.

Sauti ilikuwa ya Mzee, ile nzito ya mikutanoni. Ilichukuliwa kwenye hotuba zake. Nikamuuliza jina. Akasema Eneriko Singano. Nikamuuliza kazi. Akasema mwasisi wa nyavu za ukungu, na mjumbe wa kamati hii na hii.

"Mbona umekaa karibu na dirisha?" akauliza, kwa sauti ile ile ya mikutanoni. "Hiyo hewa itakuingia kifuani. Sogea huku. Miguu yako inavimba jioni, au ni asubuhi?"

Nilicheka mpaka Hozza akatoka ofisini kuja kuona nina nini.

Hozza ndiye msimamizi wetu, mtu wa makamo, mpole. Kila Juni huniachia kiti cha karibu na jiko la mkaa na kusingizia kwamba yeye husikia joto. Nilimwachia asikilize. Aliiuliza sauti kuhusu tuzo za Bodi, nayo ikamjibu kwa neno moja kisha ikamuuliza kama kola yake aliipiga pasi mwenyewe. Hozza akashika kola.

Hakuna kilichoharibika. Msomaji huchanganya kila kilicho chini ya reli moja mpaka akutane na reli moja nyingine, na penye maneno mengi ndipo tabia inapotoka. Vifungu vya kawaida ni vifupi, kazi ya mtu, kijiji chake, vinaongeza ladha tu. Hiki cha mama kilikuwa kimemmeza mzee mzima, kikaacha koti na sauti.

"Utampigia?" Hozza akauliza.

Kanuni inasema mteja aitwe asikie. Tulijua sote wawili kitakachofuata. Dastani angesikia, angesoma kwa mara ya kwanza, na angekata. Kichwa cha familia ana haki ya kufupisha kifungu chochote. Angeacha "Mke wake alikuwa Teresfora", nukta, na maneno ya wale wanawake yangefutwa kabisa, maana maandishi yaliyokatwa hayahifadhiwi popote; hiyo nayo ni sheria ya baada ya Miaka ya Uongo, ili kusiwe na matoleo mawili ya mtu mmoja.

Hozza akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna njia nyingine. Nikifuta reli moja kati ya zile mbili, mama anakuwa sura. Anapata sauti yake, mzee anabaki na kamati zake. Nani atajua kabla ya siku yenyewe?

Nikakataa. Nilipokuwa msichana, katika miaka ile, kuna watu walimtengeneza mama yangu kwenye kioo akitukana majirani zake, kwa uso wake na mdomo wake, na alikufa bado kuna majirani wasiomsalimia. Mimi siongezi wala kupunguza alama ya mtu. Dastani ni mjinga, lakini maandishi ni ya kwao.

"Basi mpigie," Hozza akasema. "Au usimpigie. Saini ni yako, bibi." Akaenda kuniletea chai, akaweka tangawizi nyingi kama ninavyopenda.

*

Kabla sijapiga simu, alikuja Hilda.

Hilda ni mdogo wake Dastani, mzaliwa wa mwisho. Ni fundi wa nyavu kule Mlalo, chini ya Bodi ya kaka yake, naye alikuja na mabuti yake ya kazi na nyuzi zimemng'ang'ania kwenye sweta. Alinishika mikono yote miwili kuniamkia. Akavua mabuti mlangoni ili asinichafulie sakafu, akaja na soksi, mojawapo imetoboka.

Alikuwa amesikia kuhusu reli mbili. Kaka yake alitangaza mezani, akiwa anakula. Hilda akaniomba nimpe mama yake reli moja, kisha kabla sijajibu akasema anajua siwezi, na anaomba tu ili asije akajilaumu kwamba hakuomba. Mama yake alipofariki yeye alikuwa karantini, Tanga, mwaka ule wa homa, wakamzika bila yeye. Hakuna neno la mwisho alilolisikia. Miaka yote hiyo alikuwa anasubiri nguzo.

Mrithi ana haki ya kusikia sauti ya majaribio. Nikamwambia akae, nikamtahadharisha kwamba atamsikia baba yake. Akakunja uso. Baba na yeye hawakuwahi kuongea sana. Baba alikuwa anaongea na mikutano.

"Ni Hilda," akaiambia sauti, bila furaha.

"Hilda wangu," ikasema ile sauti nzito. "Geuka nisikie mgongo. Bado unakohoa ukilala chali?"

Hilda hakugeuka. Alikaa chini palepale sakafuni kwa soksi zake. Sauti ikaendelea kumuuliza habari za kikohozi, ikamwambia asilale na nywele mbichi, ikamuuliza yule rafiki yake mwenye kigugumizi alipata kazi au bado. Naye akawa anajibu, moja moja, kwa sauti ya mtoto. Mimi nilijifanya natafuta kitu kabatini.

Alipoinuka aliniuliza kaka yake atafanya nini akijua. Nikamwambia atakata. Nilidhani ataniomba nifiche. Kama angeniomba ningekasirika kidogo, na hasira ingenisaidia kuamua. Lakini alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akasema, "Wewe fanya unachoona ni haki, bibi. Mimi nimeshaongea naye." Akavaa mabuti yake nje, kwenye ukungu, akiinama, na akaurudisha mlango wetu polepole kwa mkono ingawa hujifunga wenyewe.

Nilimpigia Dastani mchana ule. Alikuwa kwenye gari la kamba akishuka Mombo, upepo unavuma kwenye simu. Nikamwambia sauti ya mzee iko tayari kusikilizwa, kwamba ni vizuri aje, kwamba imetoka na upole kuliko alivyotarajia, na kwamba kile kifungu cha mama...

Akasema upole ni mzuri, wageni wa Dodoma wanapenda upole. Akauliza jina la baba limekuwa kubwa? Nikasema ni kubwa. Akasema liongezwe. Akakata simu.

Ningeweza kumpigia tena. Ningeweza kumwandikia, au kumtuma Hozza, au kusimama mbele ya gari lake. Nilikaa pale na simu mkononi nikajiambia kwamba nimetimiza kanuni, kwamba mtu asiyesikiliza hadai, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepanga mama yake chini ya baba yake kama viatu chini ya kitanda. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini nilijijua pia. Niliongea kwa sauti ndogo kwa sababu nilitaka anikatize. Niliweka habari ya mama mwishoni mwa maneno yangu kwa sababu nilijua hafiki mwishoni. Na sikufanya hivyo kwa ajili ya Teresfora peke yake. Sehemu yangu moja ilitaka kumwona amesimama mbele ya wageni wake mdomo wazi. Nilimdharau kiasi hicho. Mtu akidharau hivyo, hata wema wake unakuwa na harufu.

Nikaongeza ukubwa wa jina. Nikatia saini. Maandishi yakaenda kwenye shaba.

*

Ua wa Singano ulikuwa umefunikwa turubai lenye nembo ya Bodi na jina la Mzee. Wageni wa Dodoma walikaa mbele kwenye viti vilivyovalishwa magauni. Wanawake wa Kwemashai, wale wachache waliobaki, waliwekwa nyuma ya spika za matangazo. Hilda alisimama nao. Mimi na Hozza tulikaa pembeni na vifaa vyetu, maana bamba linapowekwa ndani ya nguzo mpanga chapa lazima awepo mpaka lifungwe. Kufungwa kwenyewe ni jambo dogo: kichwa cha familia huenda nyuma ya nguzo, huweka kiganja kwenye kifuniko, shaba inashika moto kidogo, basi, ni milele. Kabla ya hapo sauti husalimiwa mbele ya watu. Isiporidhisha, kichwa cha familia husema "Rudisheni," na bamba linarudi kuyeyushwa.

Dastani alihutubia kwanza. Alisema baba yake alikuwa nguzo hata kabla ya nguzo. Akasubiri makofi, akayapata kutoka kwa wasaidizi wawili.

Mshereheshaji akasogea. Alikuwa kijana aliyevaa suti nyepesi, anatetemeka kwa baridi. "Mzee Eneriko, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," ikajibu nguzo, nzito, yenye kishindo, na wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. "Nani aliyekuvalisha hicho kisuti huku milimani? Simama pale kwenye jua."

Kicheko kidogo kikapita, cha heshima. Mshereheshaji akajikuta amesogea kwenye jua. Akasoma swali lililoandaliwa: mzee awaeleze wageni jinsi alivyobuni nyavu.

"Nyavu?" Sauti ikafikiri. "Zile tulishona kwa mapazia. Uzi ulikuwa unakata vidole, tukawa tunapaka samli. Mama Shemhina alikuwa anaimba ili tusisikie maumivu, na alikuwa hawezi kuimba. Yupo? Msimweke kwenye upepo, sikio lake la kushoto ni bovu."

Nyuma ya spika mwanamke mmoja mzee sana akaweka mkono kwenye sikio la kushoto.

Sasa watu walikuwa wanatazamana. Mgeni mmoja wa Dodoma, mnene, mwenye pete, akainama kwa jirani yake akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba mwasisi amegeuka mama wa nyumbani. Jirani akacheka. Kicheko kikashuka mstari wa mbele wote, kiti kwa kiti. Mjumbe mmoja wa Bodi, aliyekula mkate wa Dastani miaka yote, alicheka kuliko wote, akajifanya anakohoa.

Nikamwangalia Dastani. Nilikuwa nimeingojea sura ile, sitakataa. Alikuwa amesimama mdomo wazi kabisa kama nilivyotaka, damu imempanda usoni mpaka masikioni. Akainua mkono. Wote tulijua neno linalokuja. Hapo nikaona wazi nilichokuwa nimekichezea: wanawake wote wale, maharage yote yale, yanaelekea kwenye tanuru, na furaha yangu ndogo ilikuwa imechangia kuni.

"Nani anamcheka Dastani?" ikauliza nguzo.

Haikupandisha sauti. Ilikuwa sauti ya mzee wa mikutano, lakini namna ya kuuliza haikuwa ya mikutano. Mgeni mwenye pete akafunga mdomo.

"Huyo mtoto msimcheke. Mkimcheka anajifanya mkubwa, na akishajifanya mkubwa hajui kurudi. Mwacheni." Kisha, taratibu, kama kwamba ua ulikuwa mtupu: "Dastani. Njoo usimame nyuma yangu mpaka waondoke."

Mkono wa Dastani ulikuwa bado juu. Mshereheshaji akamsogelea na kipaza sauti, akamuuliza kwa adabu, "Mheshimiwa, tuwaambie warudishe?"

Nguzo ilikuwa imenyamaza, kama zinavyonyamaza zikiwa hazijaulizwa kitu. Dastani akaangalia mstari wa mbele, aliangalia jina la baba yake kwenye turubai, kubwa kama alivyoagiza. Halafu akakishusha kile kipaza sauti kwa mkono wa kushoto, lakini hakukishusha vya kutosha, kwa hiyo sote tukasikia.

"Endelea, mama."

Akaenda nyuma ya nguzo. Ni nguzo nyembamba, hujengwa hivyo ili ukungu usiiangushe, na yeye ni mtu mpana. Tumbo lilitokeza upande huu na mgongo upande ule, na glavu moja ilikuwa imeanguka njiani. Alivua ya pili kwa meno. Kiganja chake kikashika kifuniko, shaba ikashika moto, na sauti ya Mzee Eneriko ikaanza kumweleza mwanawe mambo ambayo hayakuwa kwenye ratiba, huku Hilda akipita katikati ya viti vya wageni na mabuti yake kwenda kusimama naye.